Chama Hakiwezi Kuishi Kwenye Simu ya Katibu

Vijana wenzangu, niko Nyabibuye, wilaya ya Kakonko, huku juu Kigoma ambako Burundi ni hapo tu na asubuhi za Juni unavaa koti.

Leo siandiki kuhusu hotuba wala mkutano wa hadhara. Naandika kuhusu folda. Najua kuna walioanza kucheka. Chekeni, ila msiondoke kabla sijawasimulia kilichotupata.

Novemba 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa, mama mmoja wa huku kwetu aligombea uenyekiti wa kitongoji kwa tiketi yetu. Kijiji sikitaji, na mwenyewe simtaji. Jina lake likaenguliwa. Sababu aliyopewa ni kwamba fomu yake haina muhuri wa chama. Mama akashangaa, maana muhuri uligongwa mbele ya macho yake, na fomu tuliipiga picha kabla ya kuirudisha. Akaniambia, "Mwanangu, si picha ipo? Ilete tukate rufaa."

Picha ilikuwepo kweli, kwenye simu ya katibu wetu. Katibu alikuwa Kibondo msibani, na simu ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka. Tukakumbuka kwamba aliituma kwenye grupu. Basi tukaanza kupandisha juu, tukapita "asubuhi njema wapambanaji", mabango ya mikutano, vichekesho, na ugomvi wa nani anafaa kuwa mweka hazina. Tukaipata usiku. Lakini WhatsApp ilikuwa imeshaibana ile picha, na pale penye muhuri palibaki doa la bluu tu. Simu ilipotoka kwa fundi, muda wa rufaa ulikuwa umeshapita.

Nani alimwengua yule mama? Najua jibu mnalotaka nilitoe, na nalikubali. Uchaguzi ule ulimpa mshindi mmoja zaidi ya asilimia 98 ya viti vya vijiji, mitaa na vitongoji, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeamini kwamba nchi hii ina kauli moja kiasi hicho. Lakini kuna kipande cha lawama ambacho ni chetu. Ushahidi tulikuwa nao, tukashindwa kuupata siku tulipouhitaji.

Chama chetu kinakaa wapi?

Jiulize sasa hivi, hapo ulipo. Orodha ya wanachama wa tawi lako iko wapi? Muhtasari wa kikao cha mwisho? Nakala za fomu za wagombea wa 2024? Barua za kuenguliwa? Risiti za pango la ofisi?

Nitakujibia. Orodha iko kwenye daftari la kaunta lililoko nyumbani kwa mwenyekiti wa zamani. Muhtasari uko kwenye laptopu ya kijana aliyekwenda kusoma Dodoma. Fomu ziko kwenye simu tatu, moja imeibiwa. Barua ziko kwenye flashi ambayo ukiichomeka inaomba ifutwe kwanza ndipo ifunguke.

Na kuna ubaya mkubwa kuliko huo. Mnakumbuka miaka ile ya "kuunga mkono juhudi"? Mtu analala mpinzani, anaamka amevaa kijani, kamera zinamsubiri. Tulilia kwamba tumeporwa madiwani na wabunge. Tulisahau kulia kuhusu kile walichoondoka nacho mfukoni: namba za wanachama wote wa kata, majina ya mawakala, mipango ya ziara, na cheo cha uadmini wa grupu. Aliyehama alibaki na ufunguo wa nyumba yetu, na sisi hatukubadilisha kitasa.

Folda moja, milango mingi

Dawa yake ipo, na haihitaji mfadhili wa Ulaya. Ni folda ya pamoja. Hii ni folda inayokaa kwenye kompyuta moja, ambayo tunaiita seva, lakini watu wengi wanaifungua kutoka kwenye mashine zao, kila mmoja kwa jina lake na nywila yake, na kila mmoja anaona kile tu anachoruhusiwa kuona.

Usifikirie mtambo wa mamilioni. Kwa kazi za wilaya, kompyuta ya mezani ya mtumba yenye diski mbili inatosha. Programu yenyewe ni ya bure. Samba, inayogeuza kompyuta ya Linux kuwa ghala la mafaili hata kwa mashine za Windows, ilianzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992. Rsync, inayosafirisha mafaili kwa kutuma kile kilichobadilika tu, aliitoa yeye na Paul Mackerras mwaka 1996. Kwa mtandao wetu huu unaokatika katikati ya kazi, rsync ni mkombozi, kwa sababu ukiiagiza itunze kipande kilichokwishafika, inaendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya na kukumalizia bando.

Sasa nani atazihudumia folda za kata zote? Mkoa wa Kigoma una halmashauri 8, toka Kakonko na Kibondo huku juu, ushuke Kasulu na Buhigwe, hadi Uvinza. Hatuna nauli ya kumzungusha fundi. Hapo ndipo inapoingia skripti. Skripti ni orodha ya amri unayoiandika mara moja, na kompyuta inaitekeleza kila unapoiagiza, bila kuchoka na bila kudai posho.

Kijana mmoja akiwa Kasulu anaandika jedwali la safu tatu: jina, kata, kazi. Skripti inalisoma mstari kwa mstari. Ikifika "Nyabibuye, wakala", inafungua folda ya kata, inampa huyo wakala ruhusa ya kuweka mafaili, inampa katibu wa kata ruhusa ya kusoma, kisha inaandika kwenye daftari la matukio kwamba nani kapewa nini, saa ngapi. Anafanya hivyo kupitia SSH, njia ya kuiongoza kompyuta ya mbali ambamo kila kinachopita kimefumbwa. Mtu akihama chama saa nne asubuhi, unafuta mstari mmoja kwenye jedwali, unaendesha skripti, na saa nne na dakika tano milango yote imemfungia. Hakuna kugombana kwenye grupu wala kubembelezana arudishe flashi.

Wenzetu Kenya walikesha kwa neno "kusoma tu"

Kuna watakaosema haya ni mambo ya mafundi, siasa ni jukwaani. Waangalie Kenya. Agosti 2017, baada ya uchaguzi wa rais, Mahakama ya Juu iliiagiza tume ya uchaguzi iwape walalamikaji nafasi ya kuingia kwenye seva zake kwa ruhusa ya kusoma tu: waone, wasiguse. Tume haikutii amri hiyo inavyotakiwa. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ikaliona hilo kuwa hoja dhidi ya tume yenyewe, na Septemba 1, 2017 uchaguzi wa rais ukafutwa. Tazama vizuri. Katika kesi kubwa kuliko zote nchini mwao, moja ya hoja ilikuwa nani ana ruhusa gani kwenye folda ya nani.

Miaka mitano baadaye, 2022, tume hiyohiyo iliweka hadharani picha za fomu za vituo, zaidi ya vituo 46,000, na yeyote mwenye intaneti aliweza kuzishusha na kujumlisha mwenyewe. Kesi ikaenda tena mahakamani, na safari hii walalamikaji walishindwa. Mahakama ilisema wazi kwamba baadhi ya kumbukumbu za kompyuta zilizoletwa kama ushahidi wa udukuzi zilikuwa za mwaka 2017 au za kughushi. Funzo hilo ni chungu, nalo linatuhusu sisi wapinzani: ukienda kortini na karatasi isiyo na asili, unaipa nguvu kesi ya mwenzako.

Sheria zetu hapa zinasema nini? Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie ulitengenezwaje, ulitunzwaje, na ukamilifu wake ulilindwaje. Skrinshoti iliyopita kwenye magrupu kumi na mbili itajibu nini hapo? WhatsApp ikiibana picha inaondoa hata zile taarifa za ndani kuhusu saa na kifaa kilichopiga.

Folda yetu ina jibu. Wakala anaweka picha halisi kwenye folda ya mapokezi. Kila dakika tano skripti inapita, inaihamishia kwenye folda ya kumbukumbu ambayo mawakala na viongozi wanaisoma tu, na inaipiga hesabu ya SHA-256. Hii ni kama alama ya kidole ya faili: mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha nukta moja ndani ya picha, alama yote inabadilika. Sasa chapisha orodha ya alama hizo jioni ileile, katibu na mawakala waisaini, nakala ibaki kila kata. Mwaka mmoja baadaye mtu akidai umechezea fomu, unapiga hesabu upya mbele ya hakimu.

Na nisieleweke vibaya. Siongelei kuingia kwenye mashine za watu. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na waliotunga sheria hiyo wanatusubiri kwa hamu. Wala kutunza nakala ya fomu uliyopewa kituoni si kutangaza matokeo. Naongelea karatasi zetu wenyewe, ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Wakija kuchukua kompyuta

Baada ya kura ya Oktoba 25, 2015, polisi waliingia sehemu ambako vijana wa upinzani walikuwa wakijumlisha matokeo Dar es Salaam, wakawakamata. Oktoba 29 waliingia kituo cha waangalizi kilichokuwa kikisimamiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakaondoka na kompyuta na simu. Huku Buyungu mwaka huohuo tulimpeleka bungeni mbunge wa upinzani, marehemu Kasuku Bilago, na kila aliyekesha vituoni anajua fomu iliyosainiwa ilikuwa na thamani gani mkononi mwa wakala.

Kwa hiyo seva isiwe moja, na isikae sehemu moja. Kila usiku skripti ipeleke nakala kwenye mashine ya pili wilaya nyingine, na ya tatu mbali kabisa na mkoa. Kompyuta ikichukuliwa, wamechukua chuma. Diski ziwe zimefumbwa kwa nywila, ili chuma hicho kisigeuke orodha ya watu wa kutembelewa usiku.

Na intaneti ikizimwa? Tumeona 2020 mitandao ya kijamii ikibanwa siku ya kuamkia uchaguzi. Tumeona Oktoba 29, 2025 nchi nzima ikiwekwa gizani kwa siku kadhaa, mama hajui mwanawe yuko hai au vipi. Ndiyo maana nasema folda ya pamoja, sisemi akaunti ya wingu peke yake. Seva iliyoko ofisini inafanya kazi kwenye mtandao wa ndani bila intaneti kabisa: ruta ya kawaida mezani, simu na kompyuta zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Mawakala wanafika kwa bodaboda, wanaweka picha, skripti inazihesabu. Siku intaneti inaporudi, rsync inamalizia safari yake.

Kisu hiki kinakata pande zote

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Skripti ikikosewa inaharibu kwa kasi ileile inayojengea. Kwenye Windows kuna amri ya kunakili iitwayo robocopy, na ukiipa agizo la kufananisha folda mbili, inafuta kule inakopeleka kila kisichokuwepo kule inakotoka. Ukigeuza mwelekeo kwa bahati mbaya, folda tupu itafuta iliyojaa. Rsync nayo ina agizo la namna hiyo. Kwa hiyo ijaribu kwanza kwa hali ya mazoezi, inayokuonyesha kitakachotokea bila kukitenda, na usiite kufananisha folda "bakapu". Bakapu ni nakala ya jana inayobaki hata leo ukiharibu kila kitu.

Pili, folda za pamoja za Windows zinapita kwenye mlango namba 445. Mlango huo usiufungue kwa dunia nzima, hata siku moja. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye udhaifu wa toleo la zamani la mfumo huo wa kushirikiana mafaili, kikafika nchi zaidi ya 150 na kukwamisha hospitali Uingereza. Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Anayetoka nje apite SSH au VPN, na VPN iwe imetolewa taarifa TCRA, kama tangazo lao la Oktoba 2023 lilivyotaka, tusiwape sababu ya bure.

Tatu, nywila isiandikwe ndani ya skripti. Nne, orodha ya wanachama ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana sisi kama inavyoibana serikali. Yule bibi wa Kakonko aliyekupa namba yake ya simu na ya kadi ya mpiga kura amekukabidhi usalama wake.

Nani ana haki ya kufuta?

Sasa nifike pale ambapo baadhi ya wakubwa wetu watakunja uso.

Fundi yeyote atakuambia kwamba kwenye folda ya pamoja swali gumu haliko kwenye programu. Swali ni nani anaruhusiwa kusoma, nani kuandika, nani kufuta. Hilo ni swali la katiba. Na nikiangalia namna tunavyojiendesha, naona chama kinachodai tume huru huku muhtasari wa vikao vyake ukikaa kwenye bahasha ya mtu mmoja. Tunataka fomu za vituo ziwekwe hadharani. Je, matokeo ya kura zetu za maoni yanakaa wapi? Nani anaweza kuyabadilisha usiku bila tawi kujua?

Msimamo wangu ni huu. Faili likishaingia kwenye kumbukumbu, asiwepo mtu mmoja, awe mwenyekiti wa tawi au kiongozi wa makao makuu, anayeweza kulifuta peke yake. Ufunguo mkuu wa seva ugawanywe kwa watu wawili wasiotoka ofisi moja. Ni kweli fundi mwenye ufunguo huo anaweza kuchezea seva yake. Ndiyo maana nakala ziko tatu na orodha ya alama imechapishwa na iko kwa katibu wa kata. Akigusa, ataonekana. Daftari la matukio lisomwe kwenye kikao cha tawi kila mwezi, kama taarifa ya fedha: nani kafungua nini, nani kaongezwa, nani kaondolewa.

Makao makuu yaone kilichoko Nyabibuye, lakini yasiweze kukiandika upya. Na Nyabibuye ione maamuzi ya makao makuu bila kusubiri mtu avujishe kwenye grupu. Tukishindwa hilo kwenye kompyuta ya mtumba, tusidanganyane kwamba tutaliweza tukipewa Ikulu.

"Folda ya nini, wakati hata mgombea hatukuwa naye?"

Hili nimeulizwa na rafiki zangu, tena kwa hasira. Wanasema 2025 wagombea waliondolewa kabla ya kura, watu wakafa, na wewe unatuletea mambo ya mafaili. Naielewa hasira hiyo, ninayo pia.

Lakini aliyetufanyia haya anategemea jambo moja: kwamba tutasahau, au tutakumbuka kwa maneno matupu. Barua ya kuenguliwa yenye tarehe na saini, picha ya muhuri inayosomeka, jina la shahidi na mahali alipokuwa, hivyo havifi vikitunzwa. Inaweza kuchukua miaka kumi kabla mahakama, tume au bunge la haki halijauliza. Siku hiyo hatutaulizwa tulikuwa na hasira kiasi gani. Tutaulizwa tuna nini.

Tuanze kidogo. Mwezi huu kila tawi lichague vijana wawili, na mmoja wao awe binti, wanaojua kompyuta au walio tayari kujifunza. Wakusanye karatasi za 2019, 2024 na 2025, wazipige picha halisi, wazipange kwa kata na tarehe. Wilaya itafute kompyuta moja na diski mbili kwa mchango wetu wenyewe. Skripti nitaziandika na kuzigawa bure. Anayejua zaidi yangu azisahihishe mbele ya wote.

Yule mama hajakata tamaa. Juzi alipita kwangu akitoka shambani, kilemba begani na maharage kichwani, akaniuliza kama ile picha tumeshaitengeneza. Nikamwambia, "Mama, ile imeshaharibika, lakini ya kwako ijayo haitapotea." Akanitazama, akasema, "Haya. Nitagombea tena. Nisije nikasikia habari ya simu kuwa kwa fundi."

Mimi nimeshaahidi. Wewe na tawi lako je?